Stara Si Siri: Namna ya Kumchagua Mhudumu wa Mambo ya Faragha

Anayetembea kwa miguu kutoka Mwembe Tayari kuelekea uwanja wa Tononoka hupita vibandiko vya kila rangi kwenye nguzo za umeme: dawa ya nguvu za kiume, dawa ya kubana uke, masaji ya kuamsha ndoa iliyolala, kisomo cha kumrudisha mume. Kila kibandiko kina nambari ya simu. Ni vichache mno vyenye jina kamili la mtu, mahali anapopatikana au nambari ya leseni. Si mbali na hapo ipo Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Pwani, ambayo wenyeji wengi wangali wanaiita Makadara, yenye wahudumu waliosajiliwa kwa majina yao. Hata hivyo wako wakazi wanaoipigia simu nguzo kwanza, na hospitali wakafika mwisho, shida ikiwa imeshakomaa.

Sababu kubwa ni haya. Maumivu ya jino husemwa mbele ya watu. Maumivu ya tendo la ndoa husemwa kwa kunong'ona, au hayasemwi kabisa. Tapeli anaijua haya hiyo, na ndiyo mtaji wake. Somo hili linaeleza namna mkazi anavyoweza kumchagua mtu wa kumfunza, kumkanda, kumtibu au kumshauri katika mambo ya mwili na unyumba, bila kupoteza heshima, pesa wala afya yake.

Tofauti ya stara na siri

Katika Uswahili, stara ni jambo jema. Pazia la chumba cha daktari ni stara. Shuka anayofunikwa mgonjwa ni stara. Sauti ya chini ya muuguzi, na faili isiyosomwa na kila apitaye, ni stara. Stara humlinda mteja, na ufunguo wake uko mkononi mwake: akitaka kumwambia mumewe, mkewe, dadake au wakili, hakuna wa kumzuia.

Siri ambayo tapeli huidai ni kitu kingine. "Njoo peke yako." "Usimwambie mtu, dawa itaharibika." "Usiulize imechanganywa na nini." Hapo ufunguo uko mkononi mwa mhudumu, na anayelindwa ni yeye. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Walijua kwamba ziko saa ambazo ni lazima mtu afunuliwe ili asaidiwe. Lakini methali hiyo inamzungumzia mzazi mbele ya mkunga, yaani mbele ya mtu anayejulikana mtaani kwa jina, kwa kazi na kwa mlango wake. Haikumwambia mtu ajifunue mbele ya yeyote aliyebandika karatasi.

Mfano wa kujifunzia

Mfano huu si wa mtu fulani. Umetungwa kwa ajili ya somo. Mama kijana anayeishi karibu na uwanja wa Tononoka amejifungua mtoto wake wa kwanza. Arobaini imepita, na miezi mitano imepita, lakini kila akikutana na mumewe anaumia. Mumewe anaanza kudhani hapendwi tena. Jirani anampa nambari ya simu. Mwanamume anayepokea anamwambia uke wake "umeingiliwa na upepo", kwamba atamkanda ndani kwa mafuta maalumu mara tatu, na kwamba aje usiku bila ya mumewe kujua. Anatakiwa kutuma nusu ya malipo kwanza kwa M-Pesa.

Kabla ya kutuma, mama huyo anakwenda kwa somo wake, bibi aliyemfunda na kumsinga alipoolewa.

"Shikamoo, somo."

"Marahaba, mwanangu. Mbona uso umekuanguka?"

Anaeleza yote. Bibi anamsikiliza hadi mwisho, kisha anasema: "Mimi nilikufunza kuishi na mume. Hili la maumivu si langu, wala si la huyo wa simu. Hilo ni la hospitali. Kesho nitavaa buibui langu twende pamoja."

Bibi huyo amefanya jambo ambalo ndilo kiini cha somo hili: ameujua mpaka wa kazi yake. Mhudumu anayefaa hujulikana kwa yale anayoyaweza, na pia kwa yale anayokubali kwamba hayawezi.

Kwanza ijulikane haja

Watu wengi hukosea kwa kutafuta mtu kabla ya kuijua haja yenyewe. Haja za faragha zimegawika mafungu manne, na kila fungu lina mtu wake.

La kwanza ni kufunzwa. Anayeoa au kuolewa anataka kuyajua mambo ya mwili, usafi na maelewano ya chumbani. Katika mji wa Mombasa kazi hii imekuwa ya somo, na katika baadhi ya jamii ya kungwi. Mwanahistoria Margaret Strobel, katika kitabu chake cha 1979 kuhusu wanawake Waislamu wa Mombasa, aliandika juu ya wanawake hawa na mafunzo waliyowapa wasichana. Upande wa Zanzibar, Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, alijulikana kwa taarabu na vilevile kwa kufundisha unyago. Mila hii ina thamani hadi leo: msichana hufunzwa na mwanamke anayemjua, mbele ya wenziwe, na familia ikifahamu. Mwanamume naye anahitaji wa kumfunza, na si aibu akimuuliza mzee anayemwamini au muuguzi wa kliniki.

La pili ni kukandwa. Mwili umechoka, mgongo umekaza, au bibi harusi anasingwa kwa singo kabla ya siku yake. Kuna wachuaji wa mtaani, wakunga wa jadi wanaokanda wazazi, na nyumba za masaji. Kukanda kwa namna hii kunahusu mgongo, mabega, miguu na mikono. Mteja hubaki amefunikwa kanga au taulo, na sehemu za siri haziguswi. Mkunga anayemkanda mzazi tumbo naye ana mpaka: mama aliyejifungua kwa upasuaji, mwenye homa au anayetokwa na damu nyingi haanzi kwa kukandwa, anaanza kwa kuonwa hospitali.

La tatu ni kutibiwa. Kuna maumivu, uchafu unaotoka na kunuka, uvimbe, kukojoa kwa shida, mkojo kuvuja, kukosa nguvu, au kutokwa na damu baada ya tendo la ndoa. Hapa anahitajika mhudumu wa afya aliyesajiliwa, na hapa pekee ndipo kuguswa au kuchunguzwa ndani ya sehemu za siri kunapokuwa na sababu ya haki.

La nne ni kushauriwa. Mwili ni mzima, lakini wawili hawasikilizani. Au mmoja ana hofu iliyotokana na mambo ya nyuma. Wapo washauri nasaha na wanasaikolojia, na wapo viongozi wa dini. Kazi hii ni ya kuzungumza na kusikiliza. Haihitaji mtu kuvua hata kiatu. Vivyo hivyo kisomo ni cha ulimi na sikio. Anayetaka kumvua mtu nguo ili amsomee amekwisha kukiacha kisomo.

Mkazi akishaijua haja yake, nusu ya uchaguzi imekwisha. Tapeli wa kwenye mfano alichanganya mafungu yote manne katika mtu mmoja: alijifanya mganga, mkandaji, mshauri na mwalimu kwa wakati mmoja.

Leseni ipi ni ya nani

Nchini Kenya kila taaluma ya afya ina baraza au bodi yake ya kisheria. Madaktari husajiliwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno. Maafisa wa kliniki wana baraza lao, na wauguzi pamoja na wakunga waliosomea wako chini ya Baraza la Wauguzi. Wataalamu wa fiziotherapia, wanaofundisha pia mazoezi ya kuimarisha misuli ya nyonga baada ya uzazi, wana baraza lililoundwa kwa sheria ya 2014. Washauri nasaha na wanasaikolojia nao wana sheria yao ya mwaka huohuo. Maduka ya dawa na wafamasia husimamiwa na Bodi ya Dawa na Sumu.

Leseni ya daktari huhuishwa kila mwaka, na mtu yeyote anaweza kutafuta jina la daktari katika orodha ya baraza kwenye intaneti. Asiyeweza kutumia intaneti anaweza kuomba kuonyeshwa leseni ya mwaka, ambayo kwa kawaida hutundikwa ukutani. Kuuliza hivyo si kumvunjia mtu heshima.

Hapa ndipo wakazi wengi hudanganyika kwa karatasi mbili. Ya kwanza ni kibali cha biashara cha kaunti. Kibali hicho kinaonyesha kwamba biashara imeruhusiwa kufunguliwa mahali hapo. Hakithibitishi kwamba aliyemo ndani amesomea mwili wa binadamu. Ya pili ni cheti cha mtaalamu wa mitishamba kutoka idara ya utamaduni. Cheti hicho kinamtambua kama mtu wa tiba asili. Hakimpi ruhusa ya kufanya kazi ya daktari, kudunga sindano wala kuchunguza uzazi. Na hakuna baraza la kisheria nchini linalosajili kazi ya "kukanda sehemu za siri". Anayejitangaza kwa kazi hiyo, hata akiwa na chumba kizuri chenye mishumaa na harufu ya udi, hana bodi ya kumuuliza wala mkubwa wa kumwajibisha.

Yanayoletwa kwa jina la dawa

Mambo mawili yanastahili kusemwa waziwazi, maana yamewaumiza wengi.

La kwanza ni dawa za kuosha, kukausha au kubana uke: shabu, ndimu, sabuni kali, na unga usiojulikana. Uke una bakteria wazuri wanaoulinda na ngozi laini inayojisafisha yenyewe. Vitu hivi huua bakteria hao na kuichubua ngozi, na pale palipochubuka ndipo maradhi hupenya. Utafiti uliowafuatilia wanawake hapa Mombasa kwa miaka 10, na ukachapishwa mwaka 2006, uligundua kwamba waliokuwa wakiosha ndani ya uke walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kuambukizwa virusi vya Ukimwi kuliko wasioosha, na hatari ilizidi kwa waliotumia sabuni au vitu vingine. Maji ya kuosha nje yanatosha. Mhudumu anayeuza dawa ya kuingiza ndani bila ya kumchunguza mtu na bila ya kusema imetengenezwa kwa nini, aachwe.

La pili ni dawa za nguvu za kiume. Mishipa ya damu ya uume ni myembamba kuliko ile ya moyo, hivyo mishipa inapoanza kuziba, dalili inaweza kuonekana kitandani kabla ya kuonekana kifuani. Mwanamume aliyepungukiwa na nguvu anaweza kuwa na kisukari, shinikizo la damu au ugonjwa wa moyo ambao haujagunduliwa. Akipewa chupa ya kibandikoni, dalili hufichwa na ugonjwa huendelea. Tena baadhi ya chupa hizo zinazoitwa za mitishamba hutiwa kwa siri vidonge vya hospitali kama sildenafil. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani imetoa maonyo mengi juu ya bidhaa za aina hiyo. Mtu anayetumia dawa za moyo za jamii ya nitrati akinywa sildenafil bila kujua, shinikizo lake la damu linaweza kuanguka ghafla hadi kumuua. Kupima sukari na shinikizo la damu kwanza ni kazi ya dakika chache katika zahanati.

Liko na la tatu, fupi: yeyote anayejitolea kukata au kupunguza sehemu za siri za mwanamke, kwa jina la usafi, mila au ndoa, anavunja Sheria ya Kupiga Marufuku Ukeketaji ya 2011. Ni hivyo hata akiwa daktari, na ridhaa ya anayekatwa haihesabiwi kuwa utetezi.

Maswali saba kabla ya kuvua nguo

Sheria ya Afya ya 2017 inampa mgonjwa haki ya kuelezwa hali yake, njia za matibabu zilizopo, manufaa, hatari na gharama, na haki ya kukataa. Inataka pia aelezwe kwa lugha anayoielewa. Kwa hivyo maswali haya yamo ndani ya haki ya kila mtu, na yanaweza kuulizwa kwa Kiswahili katika hospitali yoyote:

1. Jina lako kamili ni nani, na umesajiliwa na baraza gani?
2. Unadhani tatizo langu ni nini, na umelijua kwa njia gani?
3. Je, ni lazima uniguse? Utagusa wapi, kwa kitu gani, na kwa sababu gani?
4. Ipo njia nyingine isiyohitaji kuguswa?
5. Naweza kuwa na mtu wangu, au muuguzi, ndani ya chumba?
6. Gharama yote ni kiasi gani, na nitapata risiti?
7. Nisiporidhika, nimlalamikie nani?

Anayejua kazi yake hujibu bila kukasirika, kwa kuwa maswali hayo ameyajibu mara nyingi. Anayekunja uso, anayecheka au anayesema "wewe unataka kupona au unataka kuuliza?" ametoa jibu tayari.

Ndani ya chumba

Uchunguzi wa haki una mwendo wake, nao ni vizuri kila mtu aujue kabla hajaingia. Mhudumu huanza kwa mazungumzo, mteja akiwa amevaa nguo zake. Kisha hueleza anachotaka kuangalia na sababu yake, na husubiri mteja akubali. Mteja huachwa avue mwenyewe nyuma ya pazia, na hufunikwa shuka, ikifunuliwa sehemu inayohitajika tu. Mhudumu huvaa glavu mpya. Mtu wa tatu, kwa kawaida muuguzi, huwepo chumbani, hasa pale mhudumu na mteja wanapokuwa wa jinsia tofauti. Mwanamke anaweza kuomba mhudumu mwanamke, na mwanamume anaweza kuomba mwanamume, akiwepo, hupewa. Mteja akisema "ngoja" au "basi", kazi husimama hapo hapo.

Ndivyo ilivyo katika kupimwa saratani ya mlango wa kizazi, na ndivyo ilivyo kwa mwanamume anayepimwa tezi dume kwa kidole. Uchunguzi huo ni mfupi, hauna maneno ya kutongoza, hauna picha za simu, wala hauhitaji usiku.

Kuhusu picha, tahadhari ni moja. Wako wanaojiita madaktari wa WhatsApp wanaoomba picha za uchi ili "watambue ugonjwa". Picha ikishatumwa hairudi, na wengine wameitumia kudai pesa. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya 2018 inaifanya kuwa kosa kusambaza picha za faragha za mtu. Lakini kinga ya kwanza ni kutotuma.

Dalili za kuondoka mara moja

Mteja aondoke, hata akiwa ameshalipa, iwapo mhudumu:

- anamtaka aje peke yake, usiku, au mahali pasipo na jina;
- anamkataza kumwambia mwenzi wake au daktari wake;
- anafunga mlango kwa ufunguo, au anazima taa;
- anasema ugonjwa utatoka kwa kulala naye au kwa kushikwashikwa;
- anataka kugusa mahali pasipohusika na shida iliyoletwa;
- anaongeza bei kila siku kwa kitisho cha uchawi au laana;
- anaahidi kuponya kila kitu, kwa kila mtu, kwa uhakika.

Pesa iliyolipwa isimfunge mtu. Hasara ya shilingi huzibika.

Mambo yakiharibika

Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 2006 inaeleza kwamba kumwingilia mtu sehemu za siri kwa kiungo cha mwili au kwa kifaa, kinyume cha sheria, ni kosa la kifungo kisichopungua miaka 10. Inabagua jambo moja: pale inapofanyika kwa ajili halisi ya usafi au tiba, kwa njia ya kitaalamu. Neno "masaji" au "dawa" peke yake haliigeuzi dhuluma kuwa tiba. Tena sheria hiyo haikubali ridhaa iliyopatikana kwa udanganyifu. Mtu aliyeambiwa anatibiwa, kumbe anatumiwa, hakuridhia kutumiwa. Sheria hii inawalinda wanawake na wanaume sawasawa.

Aliyefanyiwa hivyo ana saa chache za thamani. Afike hospitali kabla ya saa 72 kupita ili apewe dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi. Akiwahi mapema zaidi ni bora zaidi. Dawa ya kuzuia mimba ya dharura hufanya kazi ndani ya saa 120, na kila saa inayopita huipunguzia nguvu. Akiweza, asioge kabla ya kuonwa, na nguo alizovaa aziweke katika mfuko wa karatasi, si wa plastiki, ili ushahidi usiharibike. Katika hospitali ya Makadara kipo kituo maalumu cha kuwahudumia waliodhulumiwa kijinsia. Matibabu hayasubiri fomu ya P3 wala ruhusa ya polisi. Mgonjwa hutibiwa kwanza. Sheria inataka matibabu hayo katika hospitali ya umma yawe kwa gharama ya serikali.

Baadaye anaweza kupiga ripoti polisi, ambako aombe dawati la jinsia. Simu ya bure ya kitaifa kuhusu dhuluma za kijinsia ni 1195, na ya watoto ni 116. Mtoto chini ya miaka 18 hawezi kisheria kutoa ridhaa ya mambo ya ngono, na kesi za ulinzi wa watoto husikizwa katika Mahakama ya Watoto iliyoko hapa Tononoka. Iwapo mkosaji ni mhudumu aliyesajiliwa, malalamiko hupelekwa pia kwa baraza lake, ambalo lina uwezo wa kumnyang'anya leseni. Kwa mhudumu asiye na baraza mlango huo haupo, na hiyo pekee ni sababu ya kumwepuka tangu mwanzo.

Kuurudia mfano

Katika mfano ulioanza somo hili, mama na bibi walifika hospitali asubuhi. Muuguzi aliwasikiliza, na bibi akabaki upande wa pili wa pazia, karibu vya kutosha kusikia sauti. Daktari alikuta kovu la mchaniko wa uzazi lililopona vibaya, na ukavu ambao huwapata wanawake wengi wanaponyonyesha kwa sababu ya mabadiliko ya homoni. Alimweleza mama kwamba hali hiyo ina dawa, akampa mafuta ya kutumia, na akampeleka kwa mtaalamu wa fiziotherapia kwa mazoezi ya misuli ya nyonga. Alimshauri pia aje na mumewe siku nyingine.

Mume alipoambiwa, alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Kumbe ulikuwa ukiumia. Mbona hukuniambia, mama?" Miezi ile yote alikuwa ameisoma haya ya mkewe kama chuki. Hapo panaonekana gharama nyingine ya siri: mbali na kumtajirisha tapeli, huwatenga wawili wanaolala kitanda kimoja.

Maswali ya kujadili katika vikundi

1. Katika mtaa wetu, ni nani hufunza wanaooa na kuolewa? Je, wanajua ni lini wamtume mtu hospitali?
2. Ni maneno gani ya Kiswahili chenye heshima ambayo mzazi anaweza kuyatumia kumweleza kijana sehemu za mwili wake na mipaka ya kuguswa?
3. Nyumba ya masaji ina kibali cha biashara ukutani. Ni karatasi gani nyingine ambayo mteja ana haki ya kuiulizia, na kwa nini?
4. Mwanamume anaona haya kwenda zahanati kwa kukosa nguvu. Rafiki zake wa maskani wanaweza kumwambia nini badala ya kumcheka?
5. Kila mmoja ataje tofauti moja ya stara na siri aliyoiona katika maisha ya kawaida.

Wakazi wasio na hakika waanzie wapi wanaweza kumuuliza mhudumu wa afya ya jamii anayepita majumbani, au kufika katika zahanati iliyo karibu na kuomba kuzungumza na muuguzi faraghani. Si lazima kueleza shida kwenye dirisha la kuandikishwa, inatosha kusema, "Nina jambo la faragha, naomba kuonana na muuguzi."